Mikono ya Mama kwenye Katuni

S.L.P. 21763,
Arusha.
8 Agosti 2004

Mpendwa Mama Mdogo Tabitha,

Shikamoo. Natumaini mko salama huko Songea, wewe, Baba Mdogo Philemoni na Irine. Je, kifua chako kimepata nafuu? Huku kuna ukungu na baridi, na kahawa imeanza kuchumwa. Kimwili sote ni wazima.

Unakumbuka nilikueleza kuwa ofisini tunatengeneza filamu ya katuni kwa kompyuta, kuhusu malaria ya watoto. Watu tuliowachora walikuwa wakisogea kama milango. Basi tarehe 21 Februari, nimeangalia kwenye shajara yangu, nilimpiga Mama picha za video akizungumza uani, kisha nikanakili mikono yake kwa mwanamke mmoja wa katuni, picha moja baada ya nyingine. Unamjua: hupiga paja kwanza, halafu hufungua kiganja kama anayewamwagia kuku mahindi. Sikumwambia ni za nini. Uso nilichora mwingine kabisa.

Mwanamke huyo wa katuni ndiye anayekaa nyumbani na mtoto mwenye homa, bila kumpeleka hospitali, mpaka mtoto anafariki.

Tarehe 24 Julai tuliionyesha filamu hiyo shuleni Nkoaranga. Mama alikaa mbele, kwa kuwa ni kazi ya mwanawe. Dakika tano hazijaisha, jirani yetu Elieza akasema kwa sauti, "Jamani, si Mama Elihuruma huyo? Tazameni paja linavyopigwa!" Watu wakacheka. Mtoto alipokufa wakageuka kumtazama Mama. Hakuna asiyekumbuka kwamba mdogo wangu Hope alifia chumbani kwa homa mwaka 1989, na hospitali iko karibu.

Mimi sikumwaza Hope hata mara moja. Niliwaza mikono tu.

Tangu siku ile Mama huongea mikono ikiwa ndani ya kanga. Jumapili iliyopita nilimwinamishia kichwa anishike utosini kunisalimia, kama kawaida yetu. Nikasubiri. Akaniambia chakula kiko jikoni.

Nilimwomba mkubwa wangu wa kazi, Ludovick, tumchore upya yule mwanamke. Akanijibu, "Bwana, ukiondoa hiyo mikono tunabaki na vinyago." Nakala zitaanza kusambazwa tarehe 20, Tengeru kwanza. Bado hazijatengenezwa; picha zote za filamu ziko kwenye kompyuta yangu tu. Nimeamua kuzifuta kabla ya hapo, kisha nimwambie Ludovick mwenyewe, ana kwa ana. Najua hapo kazi sina tena.

Mama sijamwambia, asije akadhani nanunua msamaha. Nakuomba uje, hata kwa siku mbili. Usije kunitetea. Habari za Hope hajawahi kuzizungumza na mtu mwingine ila wewe, na sasa anahitaji wa kuzungumza naye.

Msalimie Baba Mdogo, na Irine umwambie namkumbuka. Mungu akufungulie njia ya kuja.

Mwanao akupendaye,
Elihuruma