Usiuze Duka kwa Karatasi ya Kenyi

Mwanza, Jumapili mchana

Dada yangu Zaituni,

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, watoto hawana homa, na kifua cha mama mkwe wako kimetulia sasa mvua zimeanza huko Koboko. Mimi ni mzima. Naruka na ndege kila siku isipokuwa leo, nakula samaki mpaka nimewachoka, na watu wa hapa bado wanacheka Kiswahili changu. Nikisema "mimi iko na njaa" wanaitana waje wasikie. Basi nimejifunza kuandika kama wao, usidhani nimepata kiburi.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimetukana kwa sauti. Unasema Bwana Kenyi, yule mkata tiketi wa Arua, amepanda lori mara tatu kuja kwenye duka lako la vitenge na mkataba niliosaini na kikampuni chao cha ndege, ule ambao wewe uliweka sahihi chini kama mdhamini wangu. Na kwamba amekuambia, "Mama, hii karatasi iko na muhuri. Kijana yako hapana rudi kazi, duka inakwenda." Umeshapata hata mtu wa Aru, ng'ambo ya mpaka, wa kulinunua, unangoja neno langu tu. Neno langu ni hapana. Usiuze hata kufuli.

Najua kwa nini umeogopa. Sisi tulilelewa na mihuri. Kule kambini Sudan, tulipokuwa wakimbizi, asiye na kadi yenye muhuri hakupewa mahindi, na siku za kurudi nyumbani asiye na karatasi alishushwa njiani. Mtu aliyeishi hivyo akiona wino wa zambarau, haulizi, anatii. Kenyi alikuwa kambini pamoja nasi, kwa hiyo anajua vizuri anachokifanya. Namdharau kuliko bosi wake.

Sikukuandikia kwa nini niliondoka kwao, nilitaka ulale. Sasa sikiliza. Mkataba ulisema watanifundisha ndege yao ya injini mbili, na mimi nitawatumikia miaka mitano; nikiondoka kabla, nilipe gharama za mafunzo. Unajua mafunzo yenyewe? Alasiri moja! Kapteni wao, mlevi anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alinizungusha juu ya uwanja wa Arua, nikatua mara tatu, akapiga miayo, akasema, "Inatosha." Kesho yake asubuhi nilikuwa kiti cha upande wa kulia, kando yake, tumebeba abiria kwenda Entebbe na tumbaku nyuma yao. Tangu hapo hakuna aliyenifundisha kitu, labda kupakia magunia.

Kisha kitasa cha mlango wa mizigo kikaharibika. Fundi angekitengeneza kwa nusu siku. Wao wakaufunga mlango kwa kamba. Mama mmoja wa Manibe, kuku wake kikapuni na tiketi mkononi, akasimama akautazama, akasema mbele ya abiria wote: "Mi naona ndege mingi, lakini ndege ya kufunga na kamba kama mbuzi, hapana!" Akarudi kwake na kuku wake. Mama yule peke yake ana akili kuliko ofisi yao nzima. Nami nikamwambia meneja siruki mpaka mlango utengenezwe. Hakuinua hata macho. "Wewe iko nasaini miaka tano. Mkataba inasema utaruka, haisemi utauliza." Nikaweka kofia yao mezani, nikatoka. Hilo silijutii.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa wakili hapa Mwanza, mama wa makamo aliyesomea Kampala. Anasema sheria za mikataba za kwetu na za hapa zilizaliwa na Mwingereza mmoja. Nilitaka aniambie ile karatasi ni takataka. Hakusema hivyo. Alisema mkataba wa mafunzo unaweza kushika kweli: kampuni ikikupeleka shule, ikalipa, nawe ukatoroka, hakimu anaweza kukuamuru urudishe gharama. Ila hakuna hakimu atakayekulazimisha kurudi kazini, na kampuni itadai kile tu ilichotumia, tena kwa ushahidi. Nilinyong'onyea, dada. Niliona duka lako linakwenda kwa ujinga wangu.

Ndipo akaomba kitabu changu cha safari, kile ambacho rubani huandika kila mara anapopaa, kwa muda gani na kwa kazi gani. Akafunua kurasa, akaanza kucheka mpaka karani wake akachungulia. Tangu ile siku ya pili kila ukurasa una sahihi ya kapteni na muhuri wa kampuni, na mbele ya jina langu wameandika "rubani msaidizi". Hakuna popote "mwanafunzi". Ilibidi waandike hivyo, maana kwa abiria wale sheria ilitaka marubani wawili.

"Basi wachague," akasema. "Kama ulikuwa rubani, ulikuwa kazini, wanakudai alasiri moja. Kama ulikuwa mwanafunzi, waieleze serikali kwa nini walibeba abiria na mwanafunzi." Kuhusu sahihi yako, alisema dhamana hufuata deni, deni likianguka, nayo inaanguka. Na hata deni likiwepo, Kenyi hana ruhusa ya kuchukua duka la mtu bila mahakama. Hiyo alasiri moja, ikibidi, nitailipa mimi.

Kwa hiyo akija tena, mkaribishe, mpe chai, hata mandazi. Kisha mpe kalamu, aandike neno moja tu na jina lake chini: Siraji alikuwa rubani au mwanafunzi? Shemeji awe shahidi. Utaona chai itakavyompalia. Na jiulize, mtu mwenye haki angepanda lori mara tatu kumtisha mwanamke dukani? Wamekuja kwako kwa sababu hawathubutu kwenda kwa hakimu.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa mwenzangu anayeruka kesho kwenda Entebbe, ataikabidhi basi la Arua. Naogopa posta, naogopa isifike mapema.

Nisalimie shemeji, na mjomba wa malori kule Vurra, na shangazi wa Ombaci asiyechoka kuniombea mke. Mwalimu wetu wa madrasa mwambie bakora zake bado nazikumbuka.

Nilipokuwa natoka, wakili aliuliza: na leseni uliyokwenda nayo kwao, nani alikulipia shule? Nikamwambia, duka la vitenge, soko la Koboko.

Mdogo wako,
Siraji