Alama Ubavuni mwa Tairi, na Jina la Baba Nduta

Miezi saba, fundi! Ulipokuwa unatafuta mke uliniandikia kila wiki mpaka nikachoka na wewe. Sasa una jambo zito, unanyamaza kutoka Novemba mpaka Juni. Nilidhani umekufa na hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Wasomaji wengine wa gazeti hili, someni kwanza barua yake. Majina nimeyabadilisha.

Mpendwa Susu, nyanya yetu wa Kikima, nakuomba unishike mkono kwa maana mimi nimefika mwisho. Kazi yangu unaijua ni matairi, kibanda changu kiko kando ya barabara ya Mombasa hapa Kibwezi, na ng'ambo ya barabara kuna hoteli ya Mama Nduta, mama wa kutoka Murang'a, na mumewe Njogu alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Nairobi, mtu aliyeokoka, pombe aliiacha zamani. Novemba Njogu alitumwa apeleke Mombasa gari la tajiri, lile fupi la michezo la Kijerumani lenye injini nyuma, akafika kwangu saa nne asubuhi akitembelea spea, ile nyembamba ya kukufikisha gereji tu, kwa sababu tairi la nyuma la kulia lilikuwa limepasuka ubavu. Mimi nilikuwa na moja la saizi hiyohiyo, nambari zote zinalingana, lilitoka kwenye gari la aina nyingine lililovunjwa na bado lilikuwa na meno mazuri, nikalifunga. Njogu akapiga magoti mchangani na suruali yake ya kazi, akazunguka gari akiangalia moja moja, akaniambia, "Musembi, haya matatu yana herufi N na nambari 1 hapa ubavuni. Hili lako halina. Hiyo alama ni ya nini?" Susu, sikujua. Lakini kulikuwa na wateja wawili wamekaa wakinitazama, nikaona aibu fundi kuulizwa kitu asichokijua, nikamwambia, "Baba Nduta, hiyo ni alama ya mwenye kiwanda tu, kama ukoo unavyochoma alama yake kwenye mzinga. Mzinga wa huyu, mzinga wa yule, asali ni ileile." Wale wakacheka, hata yeye akacheka, akasema, "Haya, wewe ndiye daktari wa matairi," akavuka barabara akamuaga mke wake, akaenda.

Alipopita Mtito Andei manyunyu yakaanza, na kwenye kona gari likarusha nyuma yake nje likaingia porini, akafa palepale. Ndani kulikuwa na katoni ya pombe ya tajiri na chupa zilivunjika, kwa hiyo waliofika kwanza walinusa pombe, na kabla hajazikwa Kibwezi nzima ilikuwa inasema Njogu amerudia chupa. Mchungaji alihubiri ulevi mbele ya jeneza. Akina mama wa kanisa hawakutani tena kwa mjane, na binti yao Nduta shuleni wanamwita mtoto wa mlevi. Na Mama Nduta kila asubuhi ananiletea chai na mandazi kwa sababu mimi ni rafiki wa mumewe. Aprili akaniuliza, "Musembi, niambie hata kama inauma. Alikuwa amekunywa?" Nikamwambia, mama, sikumkaribia vizuri. Halafu mwezi jana akapita fundi wa magari ya namna hiyo, nikamuuliza juu ya alama, akanieleza kwamba walioliunda gari hulijaribu tairi kwenye gari lenyewe, kwa kasi, kwa kona, kwa barabara yenye maji, likiwaridhisha ndipo linapigwa hiyo N, na nambari inaonyesha ni toleo la ngapi, hata lenye 1 halifungwi pamoja na lenye 2. Saizi inaweza kulingana na matumbo ya tairi yakawa tofauti kabisa. Susu, nimwambie huyu mama kwamba nimemuua mume wake, au nihame?

Ni mimi Musembi, Kibwezi.

Sasa nakujibu. Mjukuu wangu Mbula, ndiye anayeniandikia haya, amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nililia tena, kisha nikakasirika.

Mimi darasani sikuingia hata siku moja, lakini alama za mizinga za koo zote za hapa Mbooni nazijua, na wewe umeisingizia hata mizinga. Tangu lini alama ya ukoo ikawa urembo? Inasema mzinga huu una watu nyuma yake, ukiugusa watakuja kuuliza. Na hiyo N ni vivyo hivyo. Kuna watu waliliona tairi likikimbia na gari hilo wakakubali kulisimamia. Lako halikuwa na wa kulisimamia ila wewe, na wewe hukujua kitu. Ungesema, "Sijui, Baba Nduta, enda polepole au ungoje nikuulizie," nani angekucheka? Wale wawili? Wako wapi leo, wanakuletea mandazi?

Umemuua? Hilo sijui, na wewe pia hujui. Labda ni tairi. Labda ni maji, labda mnyama alivuka barabara. Novemba ulijifanya kujua kitu usichokijua, usinifanyie hivyo tena leo.

Lakini kuna jambo unalijua, mwanangu, na hakuna mwingine anayelijua hivyo. Unajua kwamba saa nne ile mtu huyu alikuwa mzima na kichwa chake kizuri. Unajua alipiga magoti mchangani akasoma tairi moja baada ya lingine, akaona kilichopungua, akauliza. Aliyelewa hawezi hayo. Mimi ni mjane mwaka wa ishirini na sita, wacha nikuambie mjane anatafuta nini. Siyo nani wa kulaumiwa. Anatafuta vile mtu wake alikuwa mara ya mwisho, alisimama wapi, alisema nini, alicheka au hakucheka. Hayo yote unayo wewe, na alipokuomba kwa mdomo wake ukamwambia hukumkaribia! Kosa la Novemba naweza kulilia pamoja na wewe. La Aprili, Musembi, hilo linanitia uchungu. Unakunywa chai yake huku umekalia jina la mume wake.

Kuhama hakuna. Hilo toa kichwani.

Enda kwake baada ya chakula cha mchana, hoteli ikiwa tupu. Usiende na mchungaji, usibebe zawadi. Anza na vile Njogu alivyopiga magoti mchangani. Kisha swali lake. Kisha jibu lako lote, pamoja na kicheko. "Nisamehe" usiitangulize, maana utamfanya aanze kukubembeleza wewe, naye ndiye aliyefiwa. Akikumwagia chai, simama hapo ulowe. Nduta naye umwambie, "Baba yako aliuliza swali zuri, mimi ndiye nilijibu vibaya." Halafu Jumapili uombe nafasi kanisani useme mbele ya wote kwamba Njogu aliondoka kwako bila tone la pombe. Wakikunyima nafasi, simama mlangoni useme wakitoka. Na gari la namna ile likija tena na alama usiyoijua, sema hujui, usifunge tairi.

Jibu hili nimemkabidhi dereva wa basi akufikishie kabla ya wengine. Gazeti linatoka mwisho wa mwezi. Majina nimebadilisha, lakini Kibwezi si wajinga, na sitaki mama huyo asome habari ya mume wake kwenye karatasi ya kufungia mandazi. Una siku kumi na moja.

Siku ukija hapa kwangu, njoo ukiwa umeshasema. Utakaa, utakula, nami nitakuuliza alikuambia nini. Kama alikutukana, unitajie kila tusi, usiruke hata moja.