Magongo Nyuma ya Saruji

Tarehe 3 Machi

Mama,
Shikamoo. Mimi mzima, kasoro nyonga tu. Ile operesheni ya matundu madogo imeharibika. Nikigeuka, mguu unataka kuchomoka. Nitapasuliwa tena, ule mfuko unaoshika kiungo ushonwe upya. Binti wa jirani yetu aliyenipasua alilipua kazi, Mama. Udaktari si maneno.

Mwanao, fundi vigae

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Presha yangu imetulia, cherehani ndiyo inakohoa. Nilipoisoma barua yako nilivuka uzio nikamwambia mama yake daktari, "Binti yako amenilemazia mtoto!" Miaka thelathini tumeombana chumvi, leo tukikutana bombani kila mtu anatazama ndoo yake.
Ila nijibu jambo moja, maana na mimi ni fundi: mshono mzuri haufumuki bila kuvutwa.

Mama yako

Tarehe 9 Aprili

Mama,
Shikamoo. Kilichonichelewesha ni aibu, si maumivu. Daktari aliniambia magongo wiki sita, na kuchuchumaa marufuku. Wiki ya pili wenzangu kazini wakaniita Babu. Nikayaficha magongo nyuma ya mifuko ya saruji, nikachuchumaa kutwa nzima kutandika vigae vya bafu. Nilipoinuka nikasikia kitu kimeachia.
Kesho kutwa ananipasua yeye yule yule, sina mwingine ninayemwamini. Aliniambia tu, "Safari hii usinidanganye." Sikuweza kumtazama usoni.
Tafadhali mwambie jirani ukweli. Mimi sina uso.

Mwanao

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,
Marahaba, na pole. Ujumbe wako kwamba umeamka salama nimeupata, nikalia.
Nimekwenda kwa jirani kuomba radhi, nikamwambia nilisema nisilolijua. Akaniuliza, "Kwani kilitokea nini hasa?" Kumbe hajui! Binti yake hajamwambia hata neno. Siri yako ameibeba, huku mama mtu ananuniwa bombani kwa ajili yako.
Nami sikumwambia. Ulimi wangu nimeuombea radhi, wako ni juu yako.
Ukiruhusiwa kusafiri, njoo na magongo yote mawili. Usipite mwanya wa uzio kama ulivyozoea utotoni. Zunguka getini kwao, ubishe hodi.
Mimi nitakuwa ndani nashona. Sitatoka mpaka umalize.

Mama yako