Kadi Iliyobandikwa kwenye Kopo la Dawa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, pamoja na shemeji na watoto. Mimi mwili hauna neno, ila roho imenichafuka. Simu imenishinda, kila nikisikia sauti yako naishia kuulizia mvua.

Uliniambia mama ameacha dawa za sukari, wiki ya tatu sasa, kidonda cha mguuni kimeanza kunuka, na ukimsemesha anakuonyesha kadi ya Mchungaji, zile za maana ya neno la Kigiriki anazogawa kanisani, aliyoibandika kwenye kopo la dawa. Ukaniuliza, mimi niliyesomea Kigiriki, kama kweli neno la asili katika ule mstari wa kuwaombea wagonjwa linamtaka mtu aachane na tiba.

Uongo mtupu, Dada. Mstari unasema wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Kitenzi chenyewe, aleifo, ni neno la nyumbani kabisa, la mtu kujipaka mafuta akishaoga. Na mafuta zama zile watu walitia hata kwenye vidonda. Hakuna, narudia, hakuna mahali panaposema mtu atupe dawa zake.

Ngoja nikueleze kadi zile zinavyopikwa. Kila Alhamisi Mchungaji hukaa ofisini, viatu kavua, anachokonoa meno kwa kona ya kadi. Hana haja ya kujua neno linasema nini. Huanza na maana anayoitaka yeye, kisha humwagiza mtu wa ofisi aitafutie neno la Kigiriki la kuivika. Wiki ya kadi hiyo ya mama alilalamika kwamba waumini wanashinda hospitali, viti vya maombezi viko vitupu. Akacheka hadi akakohoa, akasema raha ya Kigiriki ni kwamba hakuna wa kumbishia. Jumapili akalitamka neno kombo, na watu wakapiga makofi. Kinyaa gani hiki, jamani!

Lakini usimalizie hasira zako kwake. Mtu huyo wa ofisi ni mimi. Kamusi ilikuwa wazi mbele yangu, ukweli nikausoma, nikaandika uongo, kwa sababu pale ofisini wananiita Mwalimu na nilipenda kuitwa hivyo.

Na mama anajua. Nilimwambia mwaka jana, kwa majivuno yangu, kwamba kadi zote naandika mimi, nikamsihi asimwambie mtu. Dada, mama hajawahi kumwamini Mchungaji hata siku moja. Si ndiye anayemwita Bwana Manukato? Dawa hakuziacha kwa ajili yake. Aliziacha kwa sababu mwanawe ndiye aliyesema.

Nakuja Jumamosi, ila usinisubiri. Ukimaliza kusoma, bandua kadi ile, umpeleke mama hospitali leo hii. Akigoma, mpe barua hii aisome mwenyewe. Mwandiko wangu anaujua. Mwambie aliyeandika kadi ndiye aliyeandika na hii.

Msalimie shemeji. Watoto waambie wasiniite tena Profesa.

Ni mimi mdogo wako,
ninayeona haya kuandika jina.