Mipira Minne Chini ya Valvu

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mimi mzima, ila magoti yananitania. Mjukuu wangu hajambo?

Nina habari njema: amplifaya imeacha kulia! Unazikumbuka valvu, zile taa za kioo za ndani. Mtu akipita tu, sakafu ikatikisika, spika inapiga ngiii. Nimekata tyubu ya baiskeli vipande vinne, nikaviweka chini ya kibati kinachoshika valvu. Kazi ya nusu siku. Nimegonga kioo kwa penseli, kimya. Nimeruka sakafuni mzee mzima, kimya.

Basi mlete mtoto, akimbie apendavyo. Mwaka jana nilimfokea vibaya, ukafunga mizigo siku ileile. Najuta.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na mjukuu wako ameng'oka meno mawili. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinitia hasira. Nusu siku! Tumekua tukinyata kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. "Valvu inalia!" ndiyo salamu tuliyopewa tukitoka shule. Kumbe dawa ni vipande vinne vya mpira? Mbona hukuijua mapema?

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Ningeweza kukudanganya, lakini umeuliza.

Niliijua. Fundi aliyenifunza kazi alinionyesha kabla hujazaliwa, na amplifaya za wateja wote niliziwekea mpira. Ya nyumbani niliiacha makusudi. Nilikuwa narudi kutoka karakana nimechoka, nataka utulivu, na sikuwa na ujasiri wa kusema, "Wanangu, mnanichosha." Nikaiachia valvu iseme. Mkazoea, nami nikazoea, mkaondoka mmoja mmoja. Sasa hakuna wa kumnyamazisha.

Nisamehe, mama.

Baba yako

30 Novemba

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, mvua tu zimezidi.

Barua yako niliisoma mara moja, sikuirudia. Bora ungeniachia valvu. Miaka yote nimewaambia watu baba yangu si mkali, ni vyombo vyake tu havitaki kishindo. Hata mtoto nilimwambia hivyo mwaka jana, garini, akilia.

Anataka kuja kuziona hizo taa zikiwaka. Siwezi kumnyima babu yake. Nitamleta Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi. Akitaka kugusa, mwache aguse. Akipiga kelele, mwache.

Mimi nitamsubiri nje, kwenye gari.

Mwanao