Kila Nikipima Napata Kumi Nukta Tisa

Shangazi mpendwa, nakuomba unisikilize kwa sababu Jumatatu tuna mtihani wa fizikia wa vitendo na mimi nasifiwa kwa kitu ambacho sikukifanya. Tunaning'iniza kigololi cha chuma kwenye uzi, tunakiachia kibembee, tunapima sekunde za kwenda na kurudi mara ishirini, halafu tunakokotoa dunia inavuta vitu kwa kiasi gani, na jibu linatakiwa likaribie tisa nukta nane, ila mimi nilipata kumi nukta tisa, nikarudia, kumi nukta tisa, nikabadilisha uzi, ile ile, nikaona nitachekwa, basi nikaongeza sekunde kidogo kidogo kwenye daftari mpaka jibu likakaa, na ndivyo nilivyofanya muhula mzima. Sasa mwalimu amelizungusha daftari langu darasani, eti tazameni mkono wa mwenzenu ulivyotulia, na Ijumaa anataka niwaonyeshe wenzangu, na mama yangu, fundi cherehani, ameshawatangazia wateja wake kwamba nimerithi mkono wake. Jana nilijaribu tena peke yangu maabara: napima uzi mpaka katikati ya kigololi, naachia, nabonyeza saa na kuhesabu moja papo hapo, naendelea mpaka ishirini, nabonyeza tena, jibu ni lile lile. Nafikiria kujifanya mgonjwa Ijumaa. Hii mikono yangu ina nini?

Mwenye Daftari Safi

Binti yangu, hebu pumua kwanza. Mikono yako ni mizima. Barua yako nilimsomea kaka yangu, aliyefundisha fizikia mpaka nywele zikamwisha, na kabla sijafika mwisho alikuwa ameshika mbavu. "Mwambie anahesabu moja wakati kigololi hakijaenda popote!"

Umesikia? Ukiachia, sema sifuri. Moja ni pale kitakapokwenda na kurudi. Muhula mzima umepima safari kumi na tisa ukagawanya kwa ishirini, sekunde zikapungua, jibu likapanda. Mwenye mkono mbaya hukosea leo juu, kesho chini, lakini wewe umekosea mahali pamoja bila kuyumba hata siku moja! Ile kumi nukta tisa ilikuwa inakuonyesha kosa lilipo, wewe ukaiziba mdomo, na hapo ndipo uliponiudhi.

Ugonjwa wa Ijumaa usahau. Kesho asubuhi mpelekee mwalimu daftari, mwambie ulichokifanya, usizunguke. Ijumaa simama mbele, anza kwa kuhesabu vibaya, kisha hesabu vizuri, wenzako waone tofauti, maana naapa si wewe peke yako. Jumatatu pima mara tatu, andika saa inachosema hata kama kinakuchukiza, tafuta wastani, na useme kipimo chako kinaweza kupotoka kwa kiasi gani. Mama yako hupima kiuno cha mteja mara mbili kabla ya kugusa mkasi, na hakuna anayemcheka. Ukipata tisa nukta sita, andika tisa nukta sita.

Kwa kuwa mtihani hausubiri gazeti, jibu hili nilimtumia binti huyu kwenye simu mapema. Juzi mchana akanijibu: "Shangazi, mwalimu amenigombeza kweli kweli, halafu akacheka, akasema hata yeye zamani alianzia moja. Ijumaa nasimama mbele. Nimepima mara tatu, nimepata tisa nukta saba, na sijagusa kitu."