Gia ya Meno Thelathini na Sita

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila kelele za kiwandani zimeniziba masikio.

Wewe mwalimu wa hesabu, nisaidie. Mashine yetu ya kuponda chupa ilivunjika gia kubwa, yenye meno thelathini na saba. Fundi akachonga nyingine ya thelathini na sita, eti ndiyo namba iliyonyooka, ile saba ilikuwa makosa. Gia ndogo ni ileile ya meno kumi na mawili, moja limemeguka ncha. Tangu siku hiyo inagonga: ko, ko, ko. Kifuniko chake hakijarudishwa, nami ndiye ninayesimama mbele kutia chupa. Kicheko, yule ninayeishi naye chumba kimoja, anayefunga magunia, anasema mashine imepata mchumba anabisha hodi. Shida ni nini?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo, tumezoeana.

Nani kasema thelathini na saba ni makosa? Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe! Izidishe kwa tatu, uone: mia moja kumi na moja. Darasa zima lilikuwa linapiga makofi.

Sasa sikia. Kwa kuwa haigawanyiki, lile jino bovu lilikuwa linaligonga kila jino la gia kubwa kwa zamu, hakuna lililoonewa. Lakini thelathini na sita ni kumi na mbili mara tatu. Jino bovu linarudi kwa meno yaleyale matatu, kila mzunguko, mengine haliyagusi kabisa.

Mama wee! Nimeandika hayo kwa raha zangu, ndiyo kwanza naelewa nilichoandika. Hayo matatu yatakatika, na wewe umesimama mbele yake. Waambie leo hii wazime!

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimemwambia msimamizi. Amecheka mpaka akashika ukuta, akasema baba yako aje aiendeshe yeye. Gia nyingine mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nikigoma, getini wamejaa wanaosubiri nafasi yangu.

Mchana ilipozimwa nilichungulia. Meno matatu yamekonda, mengine yanang'aa kama mapya. Naogopa, baba.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Sina salamu. Nakupigia magoti, mimi mzazi wako. Usiende. Sema unaumwa, sema nimekufa, sema lolote. Mama yako nimemzika, wewe sitaweza kukuzika.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Nilifanya ulivyosema. Juzi asubuhi nilijikunja kitandani, nikasema tumbo. Kicheko akanikorogea uji, akaniambia nilale, akaenda. Nilitaka kumwambia wakimpanga pale akatae. Nikaogopa neno litamponyoka mbele ya msimamizi kwamba nimedanganya. Nikanyamaza, baba. Nikanywa uji.

Walimpanga yeye.

Yalikatika saa nne, yote matatu. Moja lilimpata shingoni. Hospitali hawakufika naye.

Mama yake amekuja kuchukua nguo zake. Analala hapa kwangu, kwenye kitanda cha mwanawe. Jioni hii amenishika tumbo kwa mkono wake, akaniuliza, "Limepoa, mwanangu?"

Bado ananitazama. Nimjibu nini, baba?

Mwanao